Balbu ya Kibuye Imenisema Mbele ya Mkwe

Balbu imenisema leo mbele ya mama mkwe. Ndiyo, balbu. Ile ya kuwaka. Mchuzi bado haujatoka kwa shati langu, lakini wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani.

Mnajua mama yake Akinyi, mke wangu, hajawahi kukanyaga nyumba yetu hapa Mamboleo. Tangu tuoane! Binti yetu Hawi amezaliwa, ameota meno, ameanza shule, na nyanya yake anamwona tu tukienda kwao Bondo. Akialikwa anasema, "Nitakuja." Haji. Akinyi alikuwa ameanza kuamini mama yake ananiona mtu mwepesi. (Mimi! Fundi wa sofa mzima!) Kwa hivyo wiki hii mama aliposema anakuja Jumamosi na wamama wawili wa kanisani kwao, mke wangu alilia kwa furaha. Halafu akanigeukia.

"Baba Hawi, ukiniaibisha siku hiyo, mama harudi hapa tena. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Sasa, hii balbu. Kwa muda samaki wamekuwa wakipotea jikoni. Unaacha vipande vinne kwa sufuria, unarudi unapata viwili na miiba. Akinyi akaninyooshea mimi kidole. Nikaapa, nikaapa tena. Yeye alitaka tununue kabati ya waya, ile ya mbao yenye wavu ya kuwekea chakula. Nikamwambia mambo ya kabati ni ya zamani, mimi nitasafisha jina langu kwa teknolojia.

Nikaenda soko la Kibuye, upande wa vitu vilivyotumika, nikapata balbu yenye kamera. Unaifunga tu kwa holda. Inaona, inasikia, na hata inaongea ukitaka. Muuzaji akaniwekea app kwa simu, picha ikatokea, nikajiona nikitabasamu kama mgombea kiti. Nikajua imekuwa yangu.

Akinyi aliiangalia pale juu ya jiko kwa muda. "Sasa nikipika na leso, nani ananiona?"

"Nani akuone? Ni mimi peke yangu!"

(Hayo maneno yashikeni, tutayarudia.)

Kusema ukweli haikunisaidia. Wi-fi ya ploti inashika nyumbani tu, na nikiwa kazini bundles sina. Kwa hivyo mwizi alikula na mimi sikumwona. Halafu Jumatano, nikiwa jikoni natafuta chumvi, balbu ikakohoa. Kohoo! Nikaitazama. Ikanyamaza. Nikasema ni stima ya hapa, mnaijua vile ilivyo.

Basi leo wageni wamefika. Nyumba imeng'aa, Hawi amevaa gauni la Krismasi. Kwetu mtu na mama mkwe hawachezi: hamshikani mikono, hamkai karibu, na kamwe hamtafuni mkitazamana. Nikasalimia kutoka mlangoni nimeinamisha kichwa, nikarudi jikoni kujificha. Chakula changu ningekula huko baada ya wao kumaliza. Jikoni kwetu hakuna mlango, ni pazia tu.

Tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu tumboni, maana Akinyi alikuwa akipika vya wageni tu. Na hapo mbele yangu kwenye sinia kulikuwa na samaki, ngege mkubwa wa ufuoni Dunga, amekaangwa, akamwagiwa mchuzi wa nyanya. Akinyi alikuwa amenionya: "Kichwa ni cha mama. Usikiguse."

Sebuleni mama mmoja akaanza kuombea chakula. Yawa! Yule mama anaomba! Aliombea chakula, akaombea barabara ya Bondo, akaombea wajane, wagonjwa, na watoto wa shule darasa kwa darasa. Mimi harufu ya ngege inanipanda puani. Nikajiambia, nitalamba mchuzi tu. Nikalamba. Nikajiambia, shavu moja halitaonekana, nitamlaza upande huo. Nikang'oa shavu. Halafu sijui nini kilinipata, nikajikuta nimeshika kichwa chote kwa mikono miwili, jicho la samaki liko mdomoni.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikatoka juu, kali kabisa:

"WEWE BABA! Rudisha hiyo kichwa ya samaki! Si uliambiwa ni ya mkwe wako?"

Maombi yakakatika. Halafu nikasikia yule mama wa maombi, sauti inatetemeka: "Nena, Bwana wangu."

Mimi nilifanya nini? Mtu mwenye akili angebaki jikoni. Mimi nilikimbia kutoka kwa hiyo sauti, nikalipita pazia, nikasimama katikati ya sebule na kichwa cha ngege mkononi, mchuzi ukishuka kidevuni. Mbele ya mkwe. Nikitafuna!

Mama mkwe akageuza uso ukutani haraka. Wamama wawili wakafunika macho kwa leso. Akinyi alinitazama tu, na machozi yakaanza kumlenga. Niliumia, jamani. Nilijua anachofikiri: mama ndiye huyo anaenda.

"Nani anaongea huko jikoni?" mama mkwe akauuliza ukuta.

"Ni... ni balbu, mama," nikasema.

Balbu yenyewe ikajibu, safari hii kwa upole. "Mama, nisamehe sana. Mimi ni Mama Sheila, niko Ahero. Hii kamera ilikuwa yangu, nikaiuza nikihama, lakini bado iko kwa simu yangu. Jumatano nilitaka kumwambia huyu baba. Nikaogopa, nikakohoa tu."

"Umekuwa ukituona?" Akinyi akauliza, huku akijifunga leso vizuri.

"Jikoni pekee, mama. Nilifaa kuzima, najua. Lakini hadithi yenu ilikuwa imenishika."

Akinyi alikasirika, na alimwambia hivyo bila kumung'unya. Mama Sheila akakubali kila neno. Halafu akaongeza: "Ila mambo ya samaki msimwonee huyu baba. Ni paka mweusi, anapitia dirishani mkitoka. Nimemwona na haya macho yangu. Baba ni leo tu."

Ni leo tu! Nimesafishwa jina na kuchafuliwa kwa sentensi moja.

Nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe ni kicheko! Alicheka akikabili ukuta mpaka akashika meza, na wamama wale wakafuata, na mwisho Akinyi pia, machozi yakiwa bado usoni.

Mama Sheila akanielekeza nibonyeze wapi ili kamera ikitoka kwa simu yake iwe yangu kweli. Kabla hajajitoa, akauliza polepole, "Lakini mtaniambia kama mama alirudi?"

Akinyi alifikiria kidogo. "Lete namba yako. Utaambiwa."

Mimi niliifungua hiyo balbu hata hivyo, nikarudisha ile ya kawaida. Inawaka, inazima, haina maoni.

Wageni walikula ngege asiye na kichwa. Mimi nilikula baadaye, nyuma ya pazia, kichwa changu mwenyewe nikiwa nimekiinamisha. Wakati wa kuondoka mama mkwe akasimama mlangoni. Haongei na mimi moja kwa moja, hiyo ni heshima yetu, anapitishia kwa binti yake. Lakini alisema kwa sauti ya kunifikia.

"Kabati yangu ya waya iko nyumbani tangu wewe ukiwa mchanga, Akinyi. Bawaba ni zile zile. Paka haingii. Na haijawahi kuongea hata siku moja. Nitawaagizia kwa fundi ingine kama hiyo, niilete mwenyewe mwezi ujao."

Mwenyewe! Mmesikia? Akinyi alinifinya mkono mpaka nikakaribia kupiga kelele.

Mama akapiga hatua mbili, akarudi.

"Na umwambie mume wako, siku hiyo nikifika, awe ameshakula."

Haya, chekeni. Lakini kwanza nendeni muangalie balbu zenu.