Kila Mtu Ana Maslahi Isipokuwa Mimi

Jumatatu, 3 Septemba 1979. Nakaloke.

Nimechaguliwa! Mimi, Asadu Wamboga, mjumbe wa Kamati ya Kutafuta Mashine. Afande Gaster, mkuu wa polisi hapa, ametaja jina langu mbele ya watu wote. Jirani yangu amekohoa. Wivu.

Mashine yenyewe ni ile ya kusaga mahindi, ya akina mama wa Nakaloke. Injini yake iling'olewa Aprili, wiki ile askari wa serikali ya zamani walipokuwa wanakimbia vita. Tangu hapo hakuna unga. Watu wanapeleka mahindi Mbale kusagwa. Wanayapeleka kwa baiskeli za kukodi. Baiskeli ni zangu.

Jambo hilo halihusiani na kamati.

Mjumbe mwenzangu ni Geresom Wanzala, askari jela mstaafu. Simpendi. Anapiga pasi hadi soksi. Mwenyekiti ametoka Jinja: Madamu Kagoya, aliyekuwa mwalimu mkuu. Afande anasema alitafutwa mtu wa mbali asiye na ndugu huku. Asiye na ndugu! Mtu wa namna hiyo anamwogopa nani?

Jumatano, 5 Septemba.

Kikao cha kwanza, kwenye baraza la ghala la pamba. Kabla ya yote Madamu alitaka kila mjumbe asimame, aseme kama ana udugu, biashara au ugomvi wowote unaogusa mashine.

Geresom akasimama. Akasema Nambozo, mjane anayeiendesha mashine, ni binti wa shangazi yake. Akasema aliwahi kugombana na fundi aliyeifunga. Akaongeza kwamba yeye binafsi anapenda posho laini, yaani ugali wa mahindi, na ameikosa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Anayetoboa mambo madogo hivyo kwa hiari yake ana kubwa alilolikalia.

Zamu yangu nilisema sina lolote. Madamu aliniangalia kupita kiasi. Kisha akasema yeye pia hana analolijua, na siku akilijua atalisema hapohapo.

Maneno matamu. Nimeyashuku.

Ijumaa, 7 Septemba.

Nimetoka msikitini, nikamkuta mke wangu Nulu ananingoja mlangoni. Eti kwa nini sikuzitaja baiskeli.

“Baba Zamu, mashine ikirudi utabeba nini?”

Nikamweleza kwa utulivu kwamba mimi ninabeba mahindi, sibebi mashine. Bila mimi watu wangelala njaa. Alicheka mpaka akakaa chini. Huyu naye simwamini. Siku hizi yeye na Nambozo hawaachani kisimani.

Kamati inakimbia mno! Nambozo ametoa ushahidi kwamba injini ina alama: chini ilipasuka, marehemu mumewe akaichomelea, kovu likatoka kama ukwato wa ng'ombe. Geresom akataka twende mara moja kwenye gereji za eneo la viwanda, Mbale. Nilishauri tujadili kwanza maana ya neno “kupotea”. Madamu alikataa.

Haraka ya nini? Mwalimu mstaafu kutoka Jinja, injini ya Nakaloke inamuuma nini? Nimeamua. Nitakwenda kumchunguza mchunguzi. Nikipata chochote, kiti kitamtoka, kamati itavunjwa, mpya itaundwa baada ya Krismasi. Taratibu. Kwa haki.

Jumapili, 9 Septemba. Jinja.

Nimekuja juu ya lori la mkaa. Kanzu yangu nyeupe si nyeupe tena.

Watu wa huku ni wagumu. Nikimsalimu mtu kwa Kiswahili anaangalia miguu yangu, aone kama nimevaa buti za askari. Nilimwuliza mama wa nyanya habari za Madamu Kagoya. Akafunga meza yake, akaondoka, akaniachia nyanya. Vita vimekwisha lakini Kiswahili, lugha ya wanajeshi, bado kinawafukuza watu. Mwishowe mchuuzi mmoja wa samaki, Mwislamu mwenzangu, akanielekeza Wanyange, kwa kaka yake Madamu, fundi Isabirye.

Fundi! Nikaongeza mwendo.

Nyumba iko karibu na ziwa. Mwenyewe hayupo. Nilizunguka nyuma nikijifanya natafuta choo. Nyavu, makopo ya mafuta, gunia. Nikafunua gunia.

Injini. Nikainama. Chini kabisa, kovu. Ukwato wa ng'ombe!

Nusura nipige takbira. Nimempata! Njia nzima ya kurudi mjini Jinja sikufikiria jambo jingine lolote.

Jumanne, 11 Septemba. Nakaloke.

Baraza limejaa hadi barabarani. Nilisimama, nikakunjua mikono ya kanzu. Nikamtaka Madamu Mwenyekiti awaambie wananchi injini iliyofichwa kwa kaka yake Wanyange ni ya nani.

Nikaeleza kovu. Nambozo akashika kichwa.

Madamu alivua miwani. Alisema nyumba ya kaka yake haikosi injini mbovu, naye hajawahi kufunua gunia. Kisha akasimama.

“Kuanzia sasa mimi si mwenyekiti. Kaka yangu ni kaka yangu. Bwana Geresom, njoo ukae hapa.”

Akashuka barazani, akaenda kuketi mkekani katikati ya akina mama. Wakasogea kumpa nafasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na majibu mazuri sana. Sasa nimpe nani? Na kamati haikuvunjwa! Afande Gaster ametuma Land Rover Wanyange leo hii. Nani aliomba Land Rover?

Alhamisi, 13 Septemba.

Injini imefika. Isabirye mwenyewe amekuja nayo, kofia mkononi. Amesema askari mmoja aliyekuwa anakimbia alimwachia injini hiyo barabarani, akachukua badala yake suruali ya kiraia, shati na samaki wa moshi. Hakujua ni ya nani. Ameahidi kuifunga mwenyewe, bure. Dada yake hakumtetea wala hakumkana. Alimshikia tochi ya kumulikia bolti.

Nambozo alipapasa lile kovu, akalia kwa sauti. Kisha vigelegele! Akina mama wakaninyanyua juu! Asadu! Asadu! Nilipungia umati.

Nikiwa huko juu mabegani nikaziona baiskeli zangu zimeegemea ghala. Hazina hata gunia moja.

Ndipo nikaelewa.

Nikapiga kelele nishushwe. Nikashauri injini ipelekwe kwanza Mbale ikapimwe, huenda ikawa na madhara. Geresom, sasa mwenyekiti, soksi zimenyooka, akaniuliza polepole: “Bwana Asadu, baiskeli zile ni za nani?”

Afande akanigeukia. Akili ikanifanya kazi haraka.

“Za mke wangu.”

Nulu alikuwa pale pale. Akapiga magoti kunishukuru mbele ya Afande. Akawaomba watu wote wawe mashahidi. Wakakubali kwa sauti moja. Kabla jua halijapungua alikuwa ameshapatana na Nambozo: mashine isage, baiskeli zipeleke unga Mbale sokoni. Mimi nimerudi nyumbani kwa miguu.

Madamu alinipita njiani akienda kutafuta gari la Jinja. Akasema nimefanya kazi nzuri. Akaniuliza nilikuwa nataka nini hasa. Nikamwambia haki. Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyefeli hesabu, akanitakia heri.

Bado namshuku.

Jumatatu, 17 Septemba.

Nimechaguliwa tena! Pampu ya maji ya eneo la viwanda, Mbale, haionekani tangu vita. Wanaunda kamati. Wamesikia kuna mtu Nakaloke aliyeifuata injini mpaka Wanyange. Nimekubali bila kuuliza swali.

Tangu Jumamosi nakusanya madebe, na nimeazima toroli. Watu wa viwandani wana kiu kweli kweli.

Kosa la safari ile nimelitafakari sana. Kosa lilikuwa kumtaja mke anayehudhuria mikutano. Safari hii madebe ni ya mama mkwe. Miguu yake ni mibovu, hatoki nje ya ua. Kesho nitasimama kifua mbele, niseme sina lolote.

Ila leo mama mkwe ameagiza fimbo mpya ya kutembelea. Ya kwenda wapi?