Kompaila ya Mzee Masese

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiingiza matatani kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini ni matata mazuri. Nilikuwa Sironga kwa kina Mokeira, binti ninayetaka kumwoa. Babake, Mzee Masese, akatoa bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi kumi na nne za zile kompyuta za kale, zenye matundu pembeni. Ni programu aliyoiandika mwaka wa 1988 akiwa afisa wa kilimo, kwa lugha iitwayo Fortran, kwenye mashine ya Unix huko Nairobi. Unaipa vipimo vya mvua, nayo inakwambia kama masika yameanza kweli au ni manyunyu tu ya kuwadanganya watu wapande mapema.

Mzee ana kipima mvua nyuma ya nyumba na madaftari ya miaka arobaini. Macho yanamwishia. Anataka kuiona programu ikifanya kazi tena kabla hayajafunga kabisa. Akauliza kama siku hizi kuna kijana anayeijua Fortran. Nikasema yupo, ni mimi. Nikasema Nairobi nimefanya Fortran miaka minne.

Ukweli: Nairobi niliuza kava za simu miaka minne. Ila kava nazo ni teknolojia.

Mzee akasema kama ni hivyo, nimwashie programu wiki hii, halafu Jumapili ya tarehe kumi na sita nilete wazee wangu. Wazee wangu! Mwaka mzima nimengoja neno hilo, na amelitamka mwenyewe, akinywa chai. Mokeira alikuwa anamenya ndizi. Akanitazama kwa muda mrefu. Ni mwalimu wa hesabu, ana hiyo tabia ya kutazama watu.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima nimekaa saiba, duka langu la intaneti. Wateja wawili, mmoja alikuja kuuliza choo. Nimesoma habari za Fortran mpaka kichwa kikauma. Nimeelewa hivi: programu ya Mzee ni maandishi tu. Ili kompyuta iyafanyie kazi, lazima kiwepo kitu cha kuyatafsiri, na kitu hicho ndicho kompaila. Laptopu yangu inatumia mfumo wa Linux kwa sababu aliyeniuzia hakuwa na kingine. Nasoma kwamba Linux ni ya ukoo mmoja na Unix. Bahati yangu imeanza kunitafuta.

Lakini kompaila ya lugha ya mwaka wa 1988 nitaipata wapi Nyamira?

Wakati nafikiri, nikaanza kuchapa zile karatasi, Mokeira alizoniletea asubuhi akienda shule. Mzee aliacha nafasi sita tupu mwanzoni mwa kila mstari. Karatasi nzima imesogea kulia, kama mtu anayeogopa ukuta. Nimezifuta nafasi zote. Sasa inapendeza.

Ogoti amepita. Ogoti ana kibanda cha fotokopi ukuta kwa ukuta na saiba yangu, na kanisani huimba besi nyuma ya Mokeira, karibu kuliko inavyohitajika. Akaona bahasha. Akauliza kama ninahitaji msaada. Nikasema kazi hii ni ya wasomi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Linux. Swali refu, la heshima, lenye historia. Baada ya nusu saa mtu nisiyemjua akanijibu kwa mstari mmoja: sudo apt install gfortran. Basi. Hata salamu hakutoa.

Nimechukia. Mtu unaandika aya tatu, unajibiwa maneno manne kama kuku anayefukuzwa. Nikatoka kwenye kundi. Baadaye nikataka kurudi, nikaambiwa hadi msimamizi aniidhinishe.

Jioni, nikiwa nimemaliza kuchapa, nikagundua bahasha haipo mezani. Nikapekua hadi chini ya meza. Kumbe Ogoti aliingia nilipokwenda kununua maandazi, akaichukua, akazilaminisha karatasi zote kumi na nne ndani ya plastiki, kisha akampelekea Mzee mwenyewe Sironga kwa pikipiki. Mokeira amenipigia kuniambia babake amefurahi mno, anazipapasa karatasi na kusema sasa hata panya hawataziweza. Nikamwambia kulaminisha si Fortran. Akasema ni kweli, lakini imefanyika.

Halafu akaniuliza kama kuna chochote nataka kumwuliza. Nikamwambia hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Kisii. Dukani kwa Gopal, nyuma ya soko, wanauza spea za kompyuta. Bintiye, Meena, ndiye aliyekuwa kaunta. Akanisalimu kwa Ekegusii safi kuliko changu, akauliza habari za nyumbani, akauliza shida. Nikasema natafuta kompaila ya Fortran, ya zamani, kama ipo hata iliyotumika.

Meena akaniomba laptopu. Akasema haiuzwi. Iko ya bure kwenye hazina ya Linux, unaandika mstari mmoja, inashuka, dakika mbili umemaliza. Akauandika kwenye risiti. Ulikuwa ni ule ule mstari wa yule jamaa asiye na salamu. Nikamwambia asijisumbue kuiweka, nitaweka mwenyewe. Nikanunua mausi ya laptopu ili nisionekane nimekuja bure.

Njiani nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mtu mwenye akili hutofautiana na wengine. Dakika mbili! Nimuoe binti wa mtu kwa kazi ya dakika mbili? Mzee atasema hata Ogoti angeweza. La hasha. Kazi ya ukwe inatakiwa ionekane imetoa jasho.

Nimesoma tena. Kumbe kuna njia nyingine: unachukua maandishi yenyewe ya kompaila, unaijenga mwanzo hadi mwisho kwenye mashine yako. Kwa laptopu kama yangu inachukua siku nzima na zaidi, na muda wote mistari inapanda kwenye kioo kama siafu. Hiyo ndiyo Mzee anapaswa kuiona. Sikiliza mpango: naianza kesho, naenda nayo Sironga ikiwa inachemka, watu wanalala, asubuhi wanaamka imeiva.

Kuna kitu kimoja. Ili ujenge kompaila lazima uwe na kompaila nyingine tayari, ya lugha tofauti na Fortran. Nimeiweka. Imeingia kwa mstari mmoja, dakika mbili. Sikutaka kulifikiria sana.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Naandika kwa simu, nimekaa jikoni kwa mama Mokeira, nje jua limeshatua.

Niliianzisha saa tano asubuhi. Saa kumi na moja jioni nilifika Sironga, laptopu chini ya kwapa, mistari inapanda. Mzee aliinamia kioo, pua karibu iguse, akaniuliza inafanya nini. Nikamwambia inajijenga. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Dakika tano za utukufu wangu zilikuwa hizo.

Sasa, mimi ni Mkatoliki, tena wa Pasaka na Krismasi. Kina Mokeira ni Wasabato, na Sabato huanza Ijumaa jua likitua. Hilo nalijua. Kila mtu Gusii analijua. Nilichofikiri ni kwamba mashine si mtu.

Saa kumi na mbili na nusu Mzee akasema tufunge kazi zote tuikaribishe Sabato. Mokeira akaniambia kwa sauti ya chini nizime. Nizime? Saa saba za kazi! Nikaifunika nusu, nikaisukuma chini ya mto wa kochi, nikaukalia.

Wakaimba. Feni ikaimba nayo. Mzee akasimama katikati ya ubeti akauliza ni nini kinachovuma. Nikasema ni upepo. Wakaendelea. Kochi likaanza kupata moto. Nikabadilisha upande wa kukaa, mara mbili. Mama Mokeira akanusa hewani akauliza kama kuna kitu jikoni. Wakati wa maombi mto ukatoa kamoshi, laptopu ikatoa mlio mmoja, ikazimika yenyewe.

Mzee akamaliza maombi yake yote. Hakuyakatisha hata neno. Kisha akaniambia, kwa upole uliouma kuliko kofi, kwamba amri inampumzisha hata ng'ombe, hata mgeni aliyeingia langoni, na leo mgeni na ng'ombe wake wamefanya kazi pamoja juu ya kochi lake. Kitambaa cha kochi, alichokishona mama Mokeira mwenyewe, kina duara la kahawia saizi ya sahani.

Mzee hakuuliza kuhusu upepo. Ningependa angeuliza.

Jumamosi, 8 Machi

Kanisani. Saa tano nzima. Nilikaa nyuma ya nguzo. Ogoti aliimba besi akinitazama kila kiitikio. Habari ya kochi imeshafika, sijui imepanda gari gani.

Laptopu iko chumbani kwa Mzee. Alisema nayo ipumzike mpaka jua litue.

Jumapili, 9 Machi

Naandika taratibu maana ni mengi.

Asubuhi Mokeira akaweka laptopu mezani, mbele ya babake. Ikawaka, Mungu mkubwa. Akaniuliza kama anaweza kujaribu kitu. Nikasema ajaribu, ila awe mwangalifu, ni mitambo migumu. Akaandika mstari mmoja. Mnaujua. Dakika mbili, na kompaila ikawa imekaa ndani kama ilizaliwa humo.

Nikafungua programu yangu niliyoichapa. Makosa mia mbili na kumi. Mokeira akainama, akacheka kidogo kwa pua. Akaeleza kwamba Fortran ya zamani huhesabu nafasi, na zile sita tupu mwanzoni mwa mstari ni sheria, maagizo huanzia ya saba. Mimi nilikuwa nimezifuta. Akatoa flashi mfukoni. Ndani mlikuwa na programu ya babake, yote, nafasi zote, pamoja na vipimo vya madaftari alivyovihifadhi zamani. Aliichapa jioni ya Jumatatu, karatasi zikiwa bado hazijafika kwangu.

Ikafanya kazi mara moja. Miaka ikashuka kwenye kioo, mmoja mmoja, na tarehe ambayo masika ya kweli yalianza. Mokeira akawa anasoma kwa sauti. Alipofika 1997 Mzee akasema huo ndio mwaka daraja liliondoka. 2000, akasema huo walikula mbegu. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Mokeira alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Nami nikasimama kando yao, na sikuwa nimefanya chochote.

Mzee akauliza kwa nini imenichukua wiki nzima. Mokeira akanitangulia, akasema nilikuwa naitafuta.

Nje, penye migomba, nikamwuliza kwa nini hakuniambia anaijua Fortran. Akasema alikuwa anangoja nimwulize. Alisubiri tangu Jumatatu. Akasema yeye mtaalamu hamhitaji, humwona kila akijitazama kwenye kioo. Anachotaka ni mtu anayeweza kutamka neno "sijui" bila kuugua. Akasema tarehe kumi na sita wazee wangu waje, ila kabla mambo hayajaendelea nimwambie babake ukweli wa Nairobi, mara moja, kwa mdomo wangu. Uongo mwingine katika nyumba ile, na yeye hayumo.

Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika kwenye kadi: Mzee, Fortran sijui. Sikuwahi kuijua. Maneno matano. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha saiba hadi Ogoti akagonga ukuta kuuliza kama niko salama. Nilimwambia niko salama. Nimekuwa mtu mpya, na mtu mpya hagombani na mwenye fotokopi.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi sasa hivi, sijavua hata viatu.

Wazee wangu walifika kwa wakati, jambo la kuandikwa. Mjomba Ombati alizungumza vizuri, hakurudia hadithi ya fahali. Sukari ikapokelewa. Kitambaa cha kochi kimegeuzwa, duara halionekani. Mzee Masese alikuwa na furaha, amechapisha ile miaka yote kwa herufi kubwa. Kisha akaniuliza kama nina neno kabla hatujaendelea. Mokeira akaiweka birika chini. Nikasimama, nikatia mkono mfukoni.

Hapo ndugu yake Mzee, Mzee Nyamweya, akaomba aseme kidogo tu. Alistaafu kutoka chama cha kahawa. Akasema naye ana sanduku la programu tangu mwaka wa themanini na tatu, za lugha inaitwa COBOL, na kila akiwauliza vijana wanamcheka. Akauliza kama mimi nimewahi kuisikia.

Kadi nilikuwa nimeishika. Naapa nilikuwa nimeishika. Lakini wazee kumi walikuwa wananitazama kama mtu wa maana, na hilo halijanipata mara nyingi. Nikasikia mtu akisema kwamba COBOL ndiyo aliyoanza nayo, Fortran ilikuja baadaye. Sauti ilikuwa yangu.

Mzee Nyamweya akapiga makofi. Mjomba Ombati akavimba kifua. Mzee Masese aligeuza uso upande wa Mokeira.

Mokeira akaja akachukua kikombe changu. Kilikuwa bado na chai nusu. Bila shaka alikwenda kuniongezea. Mpaka tunaondoka hakuwa amerudi, labda maziwa yaliwaishia. Siku ya kurudi, Mzee alisema tutaambiwa. Mjomba Ombati anasema hiyo ndiyo lugha ya kukubaliwa.

Nimempigia Mokeira mara sita nimweleze mpango. Hashiki simu. Mtandao wa Sironga husumbua sana mvua ikinyesha, ingawa leo haijanyesha.

Kesho mapema Kisii, kwa Meena, nimwulize COBOL inapatikana wapi. Na safari hii nitaijenga kuanzia Jumatatu, iishe kabla ya Ijumaa.