Aya ya Kofia Nyekundu

Jumatatu, 10 Februari
Mzee Leodegar, mwandishi wa siasa wa gazeti letu kwa miaka thelathini na minne, anastaafu Juni. Safu yake anaitaka Loveness wa michezo. Naitaka na mimi! Ila mimi ni karani tu: Mzee huandika kwa kalamu, mimi nachapa na kumtumia mhariri Dar. Leo nimeongeza aya moja ya kwangu mwishoni. Fupi. Diwani mwenye kofia nyekundu anasinzia vikaoni. Jina sikutaja. Mhariri akiisifu, nitajitokeza.

Jumatano, 12 Februari
Safu imetoka leo, na mhariri kaisifu! Kapiga simu: aya ya mwisho ndiyo bora mwaka huu. Kampongeza Mzee. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, akaingia diwani Primus. Na kofia yake. Akafoka kwamba Leodegar hajawahi kumwandika mtu bila kumuuliza kwanza, leo ni uzee gani huu? Mzee akaisoma aya. Akanitazama. Akasema kosa ni lake. Mimi nyuma ya kabati. Loveness akauliza nafanya nini huko. Nikasema natafuta stepla. Akasema ninayo mkononi.

Alhamisi, 13 Februari
Mzee akimwambia mhariri, kazi sina, safu sina. Mama kanichumia jani la isale, kalipiga fundo. Kwetu Wachagga, anayeletewa isale hakatai kusamehe. Mpango usio na kasoro!

Jumamosi, 15 Februari
Nimepanda Kirua Vunjo kwa Mzee. Shikamoo tatu mfululizo, jani mbele. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hilo si lake, ni la Primus, na akanipeleka mwenyewe. Primus akalipokea kwa vidole viwili. Akanung'unika kwamba ningemuuliza, angeniambia: hasinzii, hufumba macho asicheke mwenyekiti wa halmashauri akihutubia. Mzee akaniambia hiyo ndiyo ingekuwa aya. Kisha akasema Jumatatu niandike nyingine, itoke kwa jina langu. Jina langu! Sharti moja: nimuulize mhusika kwanza.

Jumatatu, 17 Februari
Nimeandika. Mwenyekiti na hotuba zake. Nimeshika simu mara nne nimuulize. Ana sauti nzito mno. Nimetuma hivyo hivyo.
Isale nimeing'oa nyumbani na mizizi yake, nimeipanda kwenye kopo la rangi, dirishani, iwe karibu. Loveness kasema ofisi imependeza.