Uhuru wa Mtoto wa Wiki Sita

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kilembe.
Binti yetu ana wiki sita na bado tunamwita Bebi. Mke wangu Sylivia, Mkonzo wa Bwera, anasema kwao binti wa kwanza huitwa Masika, hakuna mjadala. Mimi Mwacholi. Nataka Amony, jina la mama yangu. Leo Nobert, anayetufundisha falsafa kwenye ukumbi wa parokia, kasema hakuna anayezaliwa na maana yake tayari. Kila mtu huichagua na kuibeba mwenyewe. Sikuelewa yote. Ila nimepata mpango.

Jumanne, 4 Machi.
Nimemwambia Sylivia tusimfunge mtoto wa kike kwa mila. Akue, achague jina mwenyewe. Yeye ni katibu wa kikundi cha wanawake, angekataaje? Kakubali upesi mno. Kisha akauliza mbona uhuru huu unanukia Gulu, kwetu Wacholi. Nimeenda kuteka maji.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimejitolea kumpeleka mtoto chanjo peke yangu. Kadi inataka jina, na kalamu nitashika mimi. Kumbe kalamu anashika nesi. Kauliza kama ni binti wa kwanza. Ndiyo. Kaandika Masika. Nikaanza kumweleza habari za uhuru. Akasema, "Baba Masika, shika mutoto mguu." Mama mmoja kwenye foleni akauliza mimba niliibeba miezi mingapi. Nikashika mguu.

Jumamosi, 8 Machi. Bwera, kwa wakwe.
Siku ya Wanawake. Nimempigia mama simu kumshtaki nesi, nikitegemea hasira yake. Sylivia akaiomba simu, akaiweka kwenye spika. Mama akasema aliitwa Amony kwa kuwa alizaliwa vitani, wanajeshi wakipita. Akaniuliza kama nimewahi kumuuliza iwapo analipenda. Sijawahi. Ana miaka sitini na moja. Mjukuu aitwe Masika, akasema. Hata yeye angependa kuitwa hivyo. Sylivia akalia. Kisha wakacheka pamoja mpaka salio langu likaisha. Nilibaki na mtoto mapajani, sijui tena nani Mkonzo, nani Mwacholi.

Jumapili, 9 Machi.
Nobert anasema nimejifunza jambo kubwa: kuwauliza wanawake kabla ya kuwachagulia. Nimekubali kabisa. Naliandika hapa nisilisahau. Mtoto wa pili atachukua jina la shangazi yangu, hilo nimeshaamua. Sylivia bado sijamwambia kwamba kutakuwa na mtoto wa pili.