Ngao ya Wakili

Jumatatu, 4 Machi

Wote wanaisimulia vibaya. Wote! Shemeji anasema nilifukuzwa kazi kwa kulala. Mwongo mkubwa. Nilifukuzwa kwa kukaa. Sisi wapiga pasi wa hoteli tulikuwa tukisimama kutwa, miguu imevimba kama magogo. Nikapindua ndoo, nikakaa. Meneja akanitoa mbio. Ndipo chama cha kutetea vibarua kikaja juu. Wakili wao, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, akamuuliza meneja: si wewe unayefoka kila asubuhi kwamba kila mtu akae kazini mpaka jioni? Basi huyu alikaa! Meneja akasalimu amri. Nikarudi kazini, na kila mpiga pasi akapewa kiti.

Jumamosi tunakipa chama heshima yake. Mkono wa kumkabidhi yule mama zawadi utakuwa wangu. Wenzangu hawajajua tu.

Jumanne, 5 Machi

Kikao wakati wa mapumziko. Mwenyekiti wetu, binti wa kitengo cha mashuka tunayemwita Kamanda, kasema zawadi ikabidhiwe na mtu mwenye maneno. Wote wakamgeukia shemeji, mlinzi wa getini. Eti ana lugha! Mtu anayesalimiana na magari!

Nimelalamika mpaka Kamanda kachoka. Kasema haya mjomba, wewe katafute ngao, mengine tutaona. Aha! Mleta ngao ndiye mshika ngao, na mshika ngao ndiye mkabidhi. Nimeshinda!

Mke wangu kasema niulize kwanza ni ngao gani. Nimemjibu kuuliza si ujinga, ila kwa mtu wa umri wangu ni aibu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipata! Kwa muuza vyuma chakavu. Ngao ya lori, lile lichuma la mbele linalokinga gari likigonga. Imepinda kidogo ilipokutana na ukuta. Muuzaji kaapa kwamba ukuta ndio ulioomba radhi. Tumebadilishana na redio ya nyumbani. Mke wangu hajagundua.

Kagundua.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Kamanda kaiona, kashika kichwa. Kumbe ngao aliyotaka ni kile kibao cha kutundika ukutani, chenye jina la chama! Shemeji kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kasema sasa tukitafutie chama lori lake.

Muda wa kutafuta nyingine hakuna. Nikaenda nyuma ya chumba cha kufulia, nikaanza kusugua kutu peke yangu. Nikajiona mjinga. Kidogo tu. Wapiga pasi wakaja, mmoja mmoja, kila mtu na tambara lake. Mwisho akaja shemeji na rangi ya geti. Kasema nisijidanganye, hafanyi kwa ajili yangu. Anafanya kwa ajili ya yule mama wakili, aliyekipatia kibanda chake cha getini paa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku yangu! Ngao haibebeki na mtu mmoja. Shemeji akashika huku, mimi kule, tunahema kama mbwa wawili. Akaanza na waheshimiwa, waheshimiwa, pumzi ikamwishia. Nikamnyang'anya neno. Nilikuwa na hotuba ndefu, yote ikayeyuka. Nikasema tu: mama, ngao hugongwa kwanza ili aliye ndani asiumie. Sisi tulikuwa ndani. Asante.

Wakili akalia, machozi tiririri. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Wapiga pasi wakawahi kukaa. Haki ni haki.

Jumapili, 10 Machi

Ngao imegoma kupita mlango wa ofisi ya chama. Imewekwa nje, chini ya dirisha. Wakili kasema asubuhi hii kakuta mfagiaji wa sokoni kaiegemea, anaogopa kubisha hodi. Wakaongea hapo hapo. Kesho wanakwenda pamoja kwa bosi wake. Shemeji tayari anatangaza mtaa mzima kwamba wazo lilikuwa lake. Mwizi!

Na kuna kazi mpya. Kamanda kasema chama kinahitaji tawi upande wetu. Tawi! Nimeshanoa panga. Mke wangu kasema niulize kwanza. Niulize nini, na mti ninaujua?

Jambo moja tu. Wakili hakulia, hapo nimetia chumvi. Alicheka. Aliyelia ni mimi, na leso ilikuwa ya shemeji, lakini hilo siliandiki.