Daraja la Redioni

Redio ya Sadiya, muuza kahawa wetu hapa Arua, ilikuwa imetangaza kwamba mchoro wa daraja jipya la mto uko tayari: matao matatu, taa za rangi na mahali pa kupigia picha.

"Daraja hakuna, lakini mahali ya picha iko," akasema Nasur. Tunamwita Afande, maana babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani.

Severino Mpinzani, anayebishana hata na mvua, akaguna. "Afande bado analilia ile daraja ya Waingereza."

"Ile ilikuwa nyembamba, mbaya, chuma mutupu. Babu yangu alibeba mawe ya msingi yake kwa kichwa. Lakini mutu alikuwa anavuka. Wamebomoa ili tupate maendeleo. Sasa maendeleo iko ng'ambo, sisi iko huku."

"Si waliweka magogo ya kuvukia?"

"Muulize Asuman habari ya magogo," akasema Sadiya.

Asuman alikuwa amekaa na kikombe chake. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, Kadijah. Mvua ikanyesha alfajiri, magogo yakaenda na maji, na bwana harusi, Latifu, akafika kutoka Koboko na ndugu zake wote, wakakwama ukingo wa pili wakiwa na kanzu nyeupe.

"Pilau iko tayari," Asuman akaanza. "Sheikh iko kwangu, bwana iko kule. Sheikh akasema, kama munasikilizana, inatosha. Nikachukua kipaza sauti ya msikiti. Nikasema, Latifu, nimekuoza binti yangu."

"Akajibu?"

"Akajibu. Mto ikameza. Akarudia mpaka sauti ikakauka. Kule misheni ya Ediofe walisikia kabla yetu."

Severino alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Na bibi harusi alivuka namna gani?"

"Kwa katapila ya kontrakta wa daraja. Dereva alimweka ndani ya ile kijiko yake kubwa, akaingia maji polepole. Mama yake alifunga macho. Mimi nilitazama mpaka ikafika."

"Tangu ije, hiyo ndio kazi yake ya kwanza," akasema Nasur.

Tukacheka, Asuman hakucheka. Sadiya akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

"Nimempigia simu jana," Asuman akasema. "Nimemwambia, mwanangu, vumilia mume wako. Ukikasirika, hakuna njia ya kurudi kwetu."