Nyuzi za Kola na Mioyo ya Karatasi

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikiamka namtazama mume wangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na mwenyewe hajatokea kukidai. Kalala chali. Vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Vidole vyangu hivyo!

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hakuna aliyeniambia kwamba kuolewa na dobi ni kusimama.

Lakini nina furaha. Semina ya ujasiriamali ya siku mbili imenifungua macho. Mkufunzi alivaa suti ya kubana na alikuwa na sauti ya redioni. Alisema biashara ndogo hufa kwa sababu tatu. Ya kwanza, zinakaa kichwani mwa mtu mmoja badala ya kuwa na utaratibu wa maandishi. Ya pili, hazina rangi moja ya kutambulika. Ya tatu sikuiandika, nilikuwa nachora herufi zetu mbili ndani ya moyo.

Biashara yetu inakaa kichwani mwa mtu mmoja kabisa! Mume wangu haandiki kitu. Nguo ikiingia, anashona uzi mdogo ndani ya kola. Kijani mara mbili, kinyozi. Bluu msalaba, mwalimu wa hesabu. Njano na nyeusi, mama wa duka la vitasa. Wanaoweza kuzisoma nyuzi hizo ni wawili tu duniani, yeye na dada yake, wifi yangu, anayepiga pasi. Nikamwambia mume wangu kwamba hiyo ni hatari kibiashara. Akasema sawa, mke wangu. Sauti yake hiyo!

Mchana kaja Matroni wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye saa kifuani. Kaleta makoti meupe kumi na mawili ya wauguzi, ya majaribio. Atayafuata Ijumaa saa nne. Yakiwa sawa, tunapewa nguo zote za zahanati mwaka mzima. Yasipokuwa sawa, zinabaki kwa Bwana Mashine, yule wa ng'ambo ya barabara mwenye mashine za kufulia na mlango wa kioo. Alisema weupe haumsumbui, kila dobi anaweza kutakatisha. Kinachomsumbua ni kwamba kwa Bwana Mashine muuguzi mwembamba alirudishiwa koti la mnene, akazunguka wodini wiki nzima kama amefunikwa turubai. Majina waliyoandika kwa kalamu yalishafutika zamani. Alitutajia mwenye kila koti, anataka lirudi kwake, basi.

Alipoondoka, mume wangu alishona nyuzi zake kumi na mbili. Kisha akasema taratibu kwamba Bwana Mashine ameshachukua nusu ya mtaa, na tukikosa zahanati itabidi tufunge mlango, yeye avuke barabara akaombe kazi kule kule. Alisema hivyo huku akikata uzi kwa meno. Nilitamani kulia. Nikambusu sikio.

Kesho naanza utaratibu.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya ishirini. Bahati! Mume wangu kaenda mbali kununua sabuni na kuchomelea mguu wa meza ya pasi. Wifi kaenda kung'oa jino. Nimebaki peke yangu na nguo mia moja na kumi na mbili.

Nimetoa nyuzi zote. Zote! Kwa wembe, moja moja, toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Ilibidi. Zilikuwa zinaonekana kama viraka, na huwezi kuendesha mifumo miwili kwa pamoja, mkufunzi alisema. Nyuzi nikazifagia nje. Upepo ukazichukua, zikaenda zikipepea za rangi zote. Ilikuwa kama harusi yetu.

Kisha nikakata mioyo ya karatasi ngumu nyekundu. Kila moyo na namba yake, kila namba na mstari wake daftarini. Nikaibana kwenye nguo kwa pini. Vidole vinauma, mgongo unauma, hata nyusi zinauma. Lakini duka limependeza mno! Mume wangu karudi kachoka, kala amesimama, kalala na viatu. Sikumwambia. Nataka iwe zawadi.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya ishirini na moja. Sijui nianzie wapi.

Niliamka alfajiri kuloweka nguo, mume wangu na wifi wazikute tayari. Karatasi hailowekwi, hilo nalijua, sikufika kidato cha nne bure. Kwa hiyo niliitoa mioyo yote kwanza. Niliipanga ndani ya kopo la biskuti kwa kufuata namba, wa kwanza mpaka wa mia moja na kumi na mbili, ili niibane tena nguo zikikauka. Nguo nikazitia kwenye makarai matatu, nikazikoroga vizuri kwa mti wa kukorogea.

Mioyo ilibaki kwenye mpangilio. Nguo hazikubaki.

Mume wangu aligundua alipofika kwenye shati la tatu. Aligeuza kola. Akageuza nyingine. Akakaa juu ya ndoo. Nikamwonyesha kopo, nikamweleza utaratibu, nikamwambia sasa hata yeye akiugua kazi itaendelea. Akasema sawa, mke wangu. Lakini sauti haikuwa ile.

Wifi ndiye aliyekuwa na sauti. Shavu limevimba kama kameza kitasa, kaambiwa asizungumze siku mbili, kazungumza dakika arobaini. Kaniuliza kama semina ilikuwa ya kufungua biashara au ya kuzifunga. Kasema kaka yake alikuwa na duka, na sasa ana bwawa la nguo. Kasema mume akipewa mke wa kumsaidia ni neema, na akipewa mkufunzi ni mtihani. Nilimwambia kwa upole, wifi yangu, mabadiliko huumiza mwanzoni. Akasema jino pia, lakini lake limeshatoka.

Nimefua mpaka siwezi kuinua kijiko. Mume wangu kanilisha. Kanilisha kwa mkono wake mwenyewe! Siku mbaya ina utamu wake.

Alhamisi, 6 Juni

Nguo zimekauka. Mashati meupe pekee ni thelathini na moja. Tukafungua daftari langu. Namba nne: shati jeupe, zuri. Namba tisa: shati jeupe, kola ya kuvutia. Namba ishirini na tatu: shati jeupe, mwenyewe ana heshima. Wifi aliomba kiti.

Mume wangu alifunga daftari polepole, akaliweka juu ya kabati, mbali. Akaanza kuzishika nguo. Sijapata kuona kitu kama kile. Anapitisha kidole gumba kwenye kola, anafumba macho, anasema kinyozi, maana anainama upande wa kulia na kola yake imelika kulia. Anashika mkono wa shati, anasema mwalimu, chaki imekula kiwiko. Hii ya mama wa vitasa, mfuko umening'inia kwa funguo. Kutwa nzima! Nilikaa sakafuni namtazama nikawa nasahau kumpa nguo nyingine. Wifi akanipiga teke dogo la kindugu.

Jioni zote zilikuwa zimepata wenyewe, isipokuwa makoti ya zahanati. Hayo aliyaona siku moja tu. Manane aliyakumbuka, moja kwa kifungo kilichoshonwa kwa uzi mnene, jingine kwa doa la dawa lililobaki kama kivuli. Manne yamemshinda. Yote ni ya watu wa wastani, si mnene si mwembamba, alisema. Alisugua macho. Akasema asubuhi Matroni akija atamwambia ukweli tu.

Ukweli! Masikini kipenzi changu. Hajui biashara. Mkufunzi alisema tatizo ni fursa iliyovaa nguo za kazi. Nina wazo. Nitampumzisha mume wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Saa mbili asubuhi, mume wangu akiwa nyuma anachota maji, nilibandika tangazo mlangoni: HUDUMA MPYA! INGIA, CHAGUA NGUO YAKO MWENYEWE! MTEJA NI MFALME! Nikatundika nguo zote kwenye kamba moja ndefu, nikiwa nimezichanganya kidogo ili zipendeze kwa rangi. Nilifikiri wauguzi wanne watakuja, kila mmoja atachagua koti lake, na Matroni hatajua kwamba tulipotewa hata kidogo.

Wauguzi hawakuja. Mtaa mzima ulikuja.

Watu huchagua nguo zao, nilidhani. Watu huchagua nguo nzuri! Kinyozi alitoka na shati la mwalimu. Mwalimu, kwa hasira, akavaa la fundi wa saa. Mama wa vitasa alisema ameleta magauni matatu, aliyoyashika yalikuwa matano. Mzee mmoja ambaye hajawahi kufuliwa nguo kwetu hata siku moja alichagua suruali akanishukuru. Ng'ambo ya barabara Bwana Mashine alitoka na kiti chake, akakaa mbele ya mlango wa kioo, miguu kaikunja, kama yuko sinemani. Wifi alisimama mlangoni ameshika pasi ya moto, akisema atakayepita na nguo isiyo yake atanyooshwa humo humo akiwa ndani yake.

Saa nne kamili akaingia Matroni.

Nilikuwa juu ya kiti napiga makofi kuomba utulivu. Nikaona mwaka mzima unatoka mlangoni, na mume wangu anavuka barabara akiwa ameshika kofia mkononi.

Basi mume wangu akatoka nyuma. Aliweka ndoo chini. Hakupaza sauti, hajui kupaza. Alimgusa kinyozi begani, akamwambia bwana, vua, la kwako kola imelika kulia, hili limelika kushoto. Kinyozi akacheka, akavua. Akamwambia mwalimu, mwalimu, kiwiko. Mwalimu akatazama kiwiko, akavua. Akamwambia mama wa vitasa kwamba anamheshimu sana na magauni yake ni matatu. Mmoja baada ya mwingine, mpaka duka likatulia, watu wakiwa wamebaki na fulana, wanapeana nguo kwa adabu. Yule mzee aliondoka na suruali. Huyo hatukumpata.

Kisha akamgeukia Matroni. Akasema manane nayajua, manne siyajui, naomba wenyewe waje wayavae hapa, na kosa ni langu. Akasema langu! Nililia wazi wazi. Wifi akasema kosa si lake, akanionyesha kwa pasi.

Matroni akatazama saa ya kifuani. Akauliza zile nyuzi alizoziona Jumatatu kwenye kola za wateja wengine zimekwenda wapi. Akalitazama tangazo langu, akalitazama daftari, akanitazama mimi. Akasema Bwana Mashine hajawahi kumwambia hajui. Anatupa miezi mitatu, si mwaka, kwa masharti mawili. Nyuzi zirudi. Na bibi wa daftari asiguse makoti kabla hayajashonwa.

Wauguzi wanne walikuja mchana, wakavaa, wakagombana kidogo, wakaondoka. Nilikaa juu ya ndoo, miguu siihisi tena. Mume wangu akakaa kwenye ndoo ya pili. Tukakaa hivyo tu. Akasema kachoka. Nikasema na mimi. Akaegemeza kichwa chake kwenye bega langu, kizito kama nguo mbichi.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya ishirini na tano. Tumelala jana kutwa kama magunia. Leo nimepata nafuu, na nimetafakari kwa kina.

Tukitazama kwa utulivu, Ijumaa ilikuwa mafanikio. Mtaa mzima uliingia dukani siku moja! Na tukapata zahanati. Wifi hataki kukubali, bado hanipi mkono, ananipa kiwiko. Nitamvumilia, ndiyo ndoa.

Lakini sharti ni sharti. Matroni anataka nyuzi zirudi, nami ni mke mtiifu wa biashara hii. Mume wangu amelala, kinywa wazi kidogo, mzuri kupita kiasi. Nimeamua kumshtukiza. Nimeshapitia nguo zote zilizoingia Ijumaa jioni, mia moja kasoro tatu, na yale makoti ya wiki ijayo yakija nayashona mwenyewe kwanza ndipo niyaguse, kama tulivyoagizwa. Kushona kumenichosha, macho yanaona mbili mbili, ila nyuzi zimerudi. Ndogo, nadhifu, ndani ya kola.

Na safari hii sikusahau lile la pili la mkufunzi. Nimetumia rangi moja tu. Samawati kwa nguo zote, ile ile ya maua ya harusi yetu.